Shingo Upande Si Madaha

Maneno "shingo upande" nimeyatumia tangu shule ya msingi. Nimetoa michango ya harusi shingo upande, nimekubali kuhamishwa kituo cha kazi shingo upande. Haikunijia hata siku moja kwamba kuna watu wanaoishi hivyo kwa maana ya wazi kabisa, kichwa kimelalia bega hili na kidevu kimeelekea lile, mpaka nilipomzaa mmoja wao.

Binti yangu alikaa tumboni ametanguliza makalio hadi siku ya mwisho, akatolewa kwa upasuaji. Alipofikisha kama wiki tatu nikaona jambo kwenye simu: kila picha aliyopigwa, kichwa kimeinamia kulia na uso unatazama kushoto. Kila picha. Mama mkwe wangu alifurahi sana. "Huyu ana madaha, anajua kukaa kwa ajili ya picha." Wifi akasema ninamlalisha vibaya. Kisha siku moja namwogesha, vidole vikagusa uvimbe mgumu ubavuni mwa shingo, upande wa kulia, mdogo kama kokwa ya tende. Usiku ule sikulala.

Kliniki ya wiki ya sita nikamwonyesha nesi. Akabonyeza kidogo, akaniambia shingo za watoto ni laini, atakaa sawa mwenyewe. Sindano, kalamu kwenye kadi, anayefuata. Sitakitaja kituo, na sina hasira naye: foleni ilifika nje chini ya mwembe na alikuwa peke yake. Wiki ya kumi, vilevile. Wiki ya 14 tulimkuta daktari kijana aliyekuwa kwenye mafunzo ya vitendo. Huyo hakubonyeza. Alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza taratibu kushoto, kikaenda hadi kidevu kikapita bega. Akakigeuza kulia, kikagoma nusu ya njia na mtoto akapiga kelele. "Mama, umeona?" Nimeona. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga nepi.

Ukitaka kuelewa alichokitafuta, simama mbele ya kioo ugeuze uso kushoto. Upande wa kulia wa shingo utaona kitu kimechomoza kama kamba, kimeanzia juu ya kifua na kwenye mtulinga kikapanda hadi kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Ni msuli, na uko mmoja kila upande. Ule wa kulia ukifupika, unavuta sikio la kulia lishuke begani na kusukuma kidevu kushoto. Ndiyo picha zangu zote za simu hizo. Madaktari huita hali hii tortikolisi, kwa Kilatini shingo iliyosokotwa. Kwa kichanga huhusishwa na kubanwa vibaya tumboni, hasa aliyekaa kitako au pacha, au na uzazi uliokuwa mgumu. Ule uvimbe ulioninyima usingizi ni nyuzi za msuli zilizojikaza. Mara nyingi hujitokeza katika wiki za mwanzo na kuyeyuka wenyewe katika miezi michache. Si saratani, ingawa ni haki yako kutaka daktari auangalie na ikibidi aupime kwa ultrasaundi. Na kwa kuwa kubanwa kulekule huweza kuathiri nyonga, mtoto wa shingo hii akaguliwe na nyonga pia. Wangu alikaguliwa, zilikuwa salama.

Basi huwa anakaa sawa mwenyewe? Wengine, walioathirika kidogo, ndiyo. Lakini mwongozo wa wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, wa Marekani wa mwaka 2018 una hesabu ambazo ningependa zibandikwe kwenye ukuta wa kila kliniki ya mama na mtoto. Tiba ikianza kabla ya mtoto kutimiza mwezi mmoja, asilimia 98 hupata shingo inayogeuka karibu kama kawaida ndani ya mwezi mmoja na nusu. Ukianza baada ya mwezi wa kwanza, kazi hurefuka hadi kama miezi sita. Ukingoja mpaka miezi sita imepita, jiandae kwa miezi tisa au kumi. Sisi tulianza na miezi mitatu na nusu, tukamaliza akiwa anajishikilia kwenye makochi kutafuta kusimama. "Atakaa sawa" ya wiki ya sita ilikuwa na bei, na niliilipa mimi, kwa nauli za daladala na kwa vilio.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Mtoto wa Tanzania, na wa Kenya pia, huletwa kituoni wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kwa sababu ya chanjo. Watu wamejenga mazoea haya kwa miaka mingi na kwa kazi kubwa, mpaka mama asiyejua kusoma anazijua tarehe zake. Tunao mlango uliokwisha kufunguliwa mara tatu, na mtoto yuko mikononi mwa mtu mwenye taaluma. Mzani haupimi shingo. Kugeuza kichwa kushoto na kulia hakuhitaji mashine, umeme wala bajeti ya wizara.

Tiba yenyewe ni ya kuchosha kuliko kuwa ngumu. Mfiziotherapia alinifundisha kumlaza chali, mkono mmoja ukizuia bega la kulia, mwingine ukipeleka sikio la kushoto polepole kuelekea bega la kushoto. Halafu kugeuza uso kulia, upande usioupenda. Unashikilia kwa sekunde kadhaa bila kulazimisha, mara kadhaa kwa siku. Mimi niliifunga kazi hiyo na kubadilisha nepi ili nisisahau. Ni muhimu mtu akuonyeshe kwa mikono yake kwanza, usijifunze kwangu hapa.

Lakini nusu ya tiba ilikuwa kuhamisha dunia. Tulimlaza kichwa kilipokuwa na miguu, ili dirisha na mama yake viwe kulia. Redio ikahamia kulia. Aliyetaka kumchekesha alipewa amri ya kukaa kulia, hata babu yake. Titi alilokuwa akilikataa nikawa namwanzia hilo, akiwa na njaa. Mgongoni, shingo ilipokwisha kupata nguvu, nilifunga kanga na kuhakikisha uso umegeukia kulia, upande wa kazi. Na kila siku akiwa macho, kifudifudi juu ya mkeka, mimi nimejilaza mbele yake kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Usingizini alilala chali, hilo halikubadilika, kwa sababu ndiyo namna iliyo salama dhidi ya vifo vya ghafla vya vichanga. Ila mtoto anayelala chali na kutazama upande mmoja tu hubonyea kisogo upande huo. Wa kwangu kilibonyea kushoto, na shangazi yangu mmoja akaniagizia mtandaoni mto wenye tundu la katikati wa "kutengeneza kichwa". Niliuficha kabatini. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwaka 2022 iliwaonya wazazi wasitumie mito hiyo kwa kuwa inaweza kumziba mtoto pumzi.

Kukanda nako kuna mipaka. Sipingi mafuta ya nazi na mikono ya bibi, hata mimi nimekulia humo, na mtoto aliyekandwa hulala vizuri. Lakini fundi tuliyeletewa alitaka kumshika mtoto taya na kisogo amnyanyue "shingo inyooke". Hapo nilisahau adabu zote nilizofundwa.

Wachache ambao shingo haifunguki hata baada ya mazoezi ya karibu mwaka mzima hupelekwa kwa upasuaji wa kuurefusha msuli. Tena kuna watoto ambao msuli wao hauna kosa lolote. Kosa liko machoni. Mtoto huinamisha kichwa ili asione vitu viwili viwili, na ukimziba jicho moja, wakati mwingine kichwa hunyooka chenyewe. Ukimkanda huyo shingo mpaka kiama hutampata.

Watu wazima ni hadithi nyingine, na hapo tunaongoza kwa kujiponza. Shemeji yangu aliamka Jumamosi kichwa hakigeuki, akazungukazunguka nyumbani mwili mzima kama kifaru cha kijeshi. Hiyo ya kuamka nayo kwa kawaida hupungua ndani ya siku chache hadi wiki moja au mbili: kitambaa cha moto, paracetamol, kuigeuza polepole pale inapokubali, na kutokaa kitandani siku nzima. Yeye akaenda kwa kinyozi. Mnaijua ile huduma ya mwisho baada ya kunyolewa, kichwa kinashikwa kikavunjwa kushoto, ko! kulia, ko! Ndani ya mifupa ya shingo hupita mishipa miwili ya damu iendayo ubongoni. Kuisokota kwa ghafla kumewahi kuichana na kuleta kiharusi. Shemeji alipona, namshukuru Mungu. Sisi tunaomjua tulimcheka, lakini lile halikuwa la kuchekwa.

Kisa kilichonifanya niandike leo ni cha binti wa jirani, miaka 16. Alitapika kutwa, akapewa dawa ya kuzuia kutapika. Jioni shingo ikageuka upande ikabaki huko, macho yakapanda juu, taya zikakaza. Akili timamu, anasikia kila kitu. Nyumba ikajaa. Mmoja akasema pepopunda, mwingine akasema jini, na kabla maji hayajachemka ubani ulikuwa umeshawashwa. Siwalaumu sana, hata lugha yetu ugonjwa wa kukakamaa imeuita pepo. Ila dawa aliyomeza ni metoclopramide, wengi mnaijua kwa jina la Plasil, na kupindisha shingo ni mojawapo ya madhara yake yanayojulikana, hasa kwa watoto na vijana. Haloperidol, inayotumika kwa magonjwa ya akili, hufanya vivyo hivyo. Mjomba wake alipata busara ya kuchukua paketi ya dawa na kumpakia binti kwenye bajaji. Hospitali walisoma paketi, wakampa dawa ya kulegeza, na muda si mrefu binti aliinua kichwa akauliza nani kamwagia maji ya waridi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilielekeza metoclopramide isipewe kabisa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, na kwa wengine isizidi siku tano. Hapa kwetu unaweza kuipata dukani bila mtu kukuuliza umri.

Kwa hiyo shingo ikipinda ghafla, swali la kwanza liwe amemeza nini, ameanguka wapi, ana homa? Mtoto aliyekuwa na shingo nzuri ikapinda na homa, akashindwa kumeza, akawa anadondosha mate, huyo apelekwe usiku huohuo, huenda kuna jipu nyuma ya koo. Vilevile aliyeanguka, anayetapika asubuhi na kupepesuka, au anayelegea mikono na miguu. Maumivu ya shingo yasiyoisha kwa wiki, na mtu anakonda na kutoka jasho usiku, yanaweza kuwa kifua kikuu kilichohamia kwenye uti wa mgongo.

Wapo pia watu wazima ambao shingo huanza kujivuta taratibu, wengi wakiwa na miaka 40 au 50 na kitu, na haiachi. Kosa liko kwenye ubongo unaotuma amri zisizotakiwa kwa misuli. Wengi wao hugundua kwamba wakigusa kidevu kwa kidole tu, kichwa hutulia, na kwa sababu hiyo watu hudhani wanaigiza. Hawaigizi. Tiba yao kuu ni sindano za sumu ileile ya botoksi ya kuondoa mikunjo usoni, kila baada ya miezi mitatu hivi. Bei yake kwa mfuko wa mtu wa kawaida sina haja ya kuisimulia.

Wiki iliyopita nimempeleka mtoto wa mdogo wangu kwenye chanjo ya wiki ya sita, mama yake akiwa kazini. Zamu yetu ilipofika nikasema, "Nesi, naomba kwanza umgeuze shingo." Akanitazama kama niliyemwomba amsuke nywele. Nikamweleza kwa kifupi. Akaweka kalamu chini, akamshika kichwa, kushoto, kidevu kikapita bega. Kulia, kikapita. Tukaenda kwenye mzani.