Nani Aandike Kwenye Bafa ya Kerneli?

Wapo wahandisi wa mifumo wanaoshikilia kwamba bafa ya ufuatiliaji, yaani sehemu ya kumbukumbu inamorekodiwa matukio ya mfumo, ni mali ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) peke yake, na kwamba programu inayotaka kueleza inachofanya iwe na faili lake. Linux haikufuata njia hiyo. Ftrace, zana yake ya ufuatiliaji iliyoingia kwenye kerneli toleo la 2.6.27 mwaka 2008, ina faili liitwalo trace_marker. Programu yenye ruhusa ikiandika humo, maneno yake hukaa katikati ya matukio ya kerneli, kwa mpangilio wa wakati.

Wapinzani wana hoja mbili nzito. Kila uandishi ni mwito wa mfumo, yaani ombi la programu kwa kerneli, na gharama ya kuingia kerneli na kutoka hulipwa hata kwa ujumbe wa maneno mawili. Tena bafa hii huzunguka: ikijaa, kwa kawaida hufuta matukio ya zamani. Programu yenye maneno mengi inaweza kufukia tukio lile lile la kerneli ulilokuwa ukilitafuta.

Lakini fikiria skrini inayochora picha 60 kwa sekunde. Kila picha ina takriban milisekunde 16.7, na moja imechukua 30. Faili la programu litakuambia imechelewa, basi. Sababu haliijui, kwa kuwa programu iliyoondolewa kwenye prosesa haioni chochote hadi irudishwe. Kerneli inajua hasa ni lini iliiondoa na nani akapewa nafasi yake, ila haijui kama wakati huo ilikuwa inachora picha au inasafisha kumbukumbu. Kila upande una nusu ya jibu. Ukiona kwenye orodha moja "naanza kuchora", kisha prosesa ikapewa mchakato mwingine, kisha "nimemaliza", hakuna tena cha kukisia. Android imelitegemea jambo hili kwa miaka: alama zake za B mwanzoni mwa kazi na E mwishoni hupita kwenye trace_marker.

Watasema bafa moja si lazima: tumia saa moja, kisha unganisha orodha mbili baadaye. Ni kweli, na zana za ufuatiliaji kama Perfetto hufanya hivyo vizuri. Tena saa ambayo ftrace huitumia usipoichagulia nyingine inaweza kutofautiana kidogo kati ya prosesa na prosesa, kwa hiyo hata bafa moja inataka uangalizi. Hata hivyo saa haitatui suala la kifo. Programu iliyoweka matukio kwenye kumbukumbu yake binafsi ikianguka, huzama nayo. Yaliyokwisha kufika kerneli yanabaki, pamoja na yale ya sekunde ya mwisho, ambayo ndiyo tunayoyahitaji zaidi. Tena programu yenye ruhusa ikigundua hitilafu inaweza kuandika 0 kwenye tracing_on, na simulizi zote mbili zikasimama papo hapo kabla ushahidi haujafutwa.

Zile hoja mbili nazo zimeshafanyiwa kazi. Ftrace huruhusu bafa za ziada, kila moja na trace_marker yake, kwa hiyo msemaji sana hupewa bafa yake na matukio ya kerneli anayoyahitaji, bila kugusa ile kuu. Na user_events, njia nyingine ya programu kuandika matukio yake kwenye bafa ya kerneli, iliyoanza kutumika rasmi kwenye toleo la 6.4 mwaka 2023, hutumia biti moja ndani ya kumbukumbu ya programu: kerneli huiwasha pale tu mtu anapofuatilia. Isipowashwa, programu huikagua na kuendelea na kazi, bila mwito wowote wa mfumo.

Ikiwashwa, gharama hurudi yote. Kwa hiyo programu inayotoa mamilioni ya matukio kwa sekunde bado iandike kwenye kumbukumbu yake, na kerneli iachiwe alama chache za mwanzo na mwisho wa kila kazi kubwa.