Kangaja naye atajwe

Uhifadhi wa bahari ukizungumzwa katika pwani yetu, wanaotajwa ni kasa, nguva na papa potwe wa Mafia. Wanastahili. Lakini kangaja, samaki mla mwani, hatajwi, na mimi naamini bila yeye miamba yetu ya matumbawe haiponi.

Namsemea hasa kangaja wa buluu, ambaye wanasayansi wanamwita Acanthurus leucosternon tangu 1833. Ukimwona humsahau: mwili wa buluu iliyokolea, uso mweusi, koo jeupe, na pezi la manjano lililoshika mgongo mzima. Ni samaki wa Bahari ya Hindi, kuanzia huku kwetu hadi Bali. Makazi yake ni juu ya mwamba na kwenye mteremko wa kwanza, penye jua jingi. Kila upande wa shina la mkia ana mwiba mkali kama wembe, anaoulaza ndani ya ngozi na kuutoa anapohitaji kujitetea. Wavuvi wa madema, ile mitego ya kusukwa, wanaujua vizuri, maana umewachana vidole.

Mchana kutwa anadonoa mwani mfupi unaoota juu ya mawe na matumbawe yaliyokufa. Wapo samaki wanaolinda shamba lao la mwani kwa ukali, na kangaja akienda peke yake hufukuzwa. Wakivamia kundi zima, mwenye shamba hawawezi: akimkimbiza huyu, wengine wanakula. Kwa kweli napenda sana kuwatazama wakifanya hivyo.

Na ulaji huo una maana kubwa. Joto la bahari la 1998 liliua matumbawe mengi, Kenya na Tanzania. Tumbawe changa linahitaji jiwe safi ili lishike. Mwani ukitangulia kulifunika, halipati nafasi. Mwamba uliopigwa na joto, kisha ukanyang'anywa walaji wake wa mwani, umeumizwa mara mbili.

Ndiyo maana biashara ya samaki wa mapambo inanikera. Kangaja huyu anatafutwa sana kwa rangi zake, na Kenya ni miongoni mwa nchi zinazosafirisha samaki wa aina hiyo. Kumzalisha kwenye matangi ni kazi ngumu, kwa kuwa mabuu yake huelea bahari kuu kwa majuma mengi kabla ya kurudi mwambani. Hivyo wanaouzwa, karibu wote, wametolewa baharini. Huko kwenye vioo hushambuliwa upesi na vimelea vya madoa meupe, na wengi hufa.

Wanaotoa vibali waweke kikomo kwa kila mwamba, na mwamba uliopauka kwa joto wasiuguse mpaka upone. Madema nayo yaachiwe mwanya mwembamba wa kusimama, wa sentimita chache, kama ilivyokwisha kujaribiwa Kenya. Kangaja ana mwili bapa. Mdogo atapenya atoke, na mvuvi hatapoteza samaki wa maana, kwa sababu wadogo hao sokoni hawana bei.