Pastpepa zinakutoboza au zinakupoteza? Tuchukulie mfano wa oganiki

UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula chuoni, ikikaribia hosteli nzima inabishana. Wengine wanasema oganiki kemistri (kemia ya misombo ya kaboni) hutoboi bila pastpepa, yaani mitihani ya miaka iliyopita, wengine wanasema pastpepa ni uvivu tu, kaa chini usome uelewe.

Watu wa pastpepa wanasemwa sana bure. Vyuo vyetu vingi koziweki (kazi na majaribio ya muhula) ina alama 40 na UE ina 60, kozi zimejazana, bumu (hela ya mkopo wa chuo) likichelewa mtu anawaza kwanza atakula nini, na maswali kweli huwa yanajirudia, sa mtu akijua swali la mekanizimu (hatua kwa hatua mmenyuko unavyotokea) halikosi akaliandaa mapema kosa lake liko wapi? Tena mwaka 2006 Roediger na Karpicke kule Marekani waliwapa wanafunzi kifungu wasome, baadhi wakarudia kukisoma, wengine wakaandika wanachokumbuka bila kuchungulia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, ila baada ya wiki waliojipima walikumbuka kama asilimia 56, wenzao 42. Kujipima kunalipa.

Ila wengi hawajipimi. Wanasoma pastpepa ikiwa na majibu yake palepale, desa (majibu ya kunakili) lishapita kwa watu kibao, mtu anapitisha macho anasema aah hii naijua. Chukua swali la tert-butyl bromide, kaboni iliyoshika bromini, inamenyukaje kwenye maji. Jibu ni SN1, yaani bromini inatoka kwanza ndo maji yanaingia, kwa sababu ile kaboni imebanwa na kaboni zingine tatu, hakuna upenyo wa kuishambulia kwa nyuma, na bromini ikishatoka ile kabokationi (kaboni yenye chaji chanya) inayobaki ni imara kiasi cha kutosha. Aliyekariri kabeba "SN1" tu. Lekcha akiweka methyl bromide na hidroksidi jibu linageuka SN2, yaani kuingia na kutoka vinatokea kwa pamoja, na yeye anamwaga SN1 yake mpaka mwisho, hapo alikesha kabisa, inauma sana.

Sasa hawa wa soma uelewe nao wana shida yao. Anasoma kitabu, anapiga mistari, na kweli anaelewa, ila kalamu hajashika. Oganiki ni kuchora mishale ya elektroni, na kuufuata mshale aliochora mwenzio ni rahisi mno kuliko kuuanzisha mwenyewe kwenye karatasi tupu.

Kwangu mimi pastpepa zianze mapema, wiki za mwanzo kabisa, majibu yakiwa yamefichwa, ukikwama ndo unarudi kwenye notsi za mekanizimu hiyohiyo, halafu baada ya siku kadhaa unalirudia swali upya. Inachosha na mwanzoni unajiona kilaza, vumilia tu. Na diskasheni ije baada ya kila mtu kujaribu kivyake, maana mkienda hamjagusa kitu anaongea kipanga mmoja wengine mnaitikia tu. Bora asiyejua ndo ashike chaki, akikwama msimtajie jibu, muulizeni bromini inatoka kabla maji hayajaingia au vinatokea kwa pamoja, halafu mpeni muda afikirie.