Namaste na wai si salamu moja

Mwandishi wa makala kuhusu salamu za kukutanisha viganja ameeleza vizuri kuhusu namaste ya India, ila pale anaposema wai ya Thailand ni "namaste ileile" amewapotosha wasomaji. Asili ni moja, anjali, yaani ishara ya India ya kuunganisha viganja, lakini kanuni zimeachana mbali.

India viganja hukutana mbele ya kifua, vidole vikielekea juu, kichwa kikainama kidogo. Mkubwa na mdogo hupeana namna hiyohiyo. Heshima ya ziada kwa wazazi au walimu huonyeshwa kwa kuinama na kugusa miguu yao.

Thailand urefu wa mikono ndio unaobeba heshima. Kwa mtu aliyekuzidi kidogo, vidole gumba viguse kidevu. Kwa mzazi au mwalimu, viguse ncha ya pua. Kwa mtawa wa Kibudha, viwe katikati ya nyusi, na mtawa hatakurudishia wai, usidhani amekudharau. Mdogo ndiye anayeanza. Wageni wengi hukosea hapa: humwanzia mtoto au mhudumu wa hoteli, naye anabaki na haya. Kwa hao tabasamu na kuinamisha kichwa kidogo vinatosha.

Kosa jingine ni kuinua mikono huku shingo imesimama wima. Kichwa ndicho kinachoshuka kuifuata mikono, viwiko vikiwa karibu na mbavu.

Kambodia nao wana sampeah, salamu yao ya viganja yenye ngazi tano: kifuani kwa rafiki, mdomoni kwa mkubwa, puani kwa wazazi, kwenye nyusi kwa mfalme na watawa, na kwenye paji la uso katika ibada.