Mtu wa Kuniulizia

Siku ya nne baada ya kuacha kazi nilimpigia mke wangu simu naye yuko jikoni, hatua kumi kutoka nilipoketi. Nilitaka kujua kama laini yangu bado nzima. Ikalia. Akatoka na mwiko mkononi: "Una nini wewe?"

Sikuwa na kitu. Nilizoea simu isiyonyamaza tangu asubuhi, huyu anadai hesabu za mwezi, yule anauliza leo tunakula pilau ya wapi. Miaka 12 nilikuwa mhasibu katika ofisi moja ya mizigo Mombasa, na wale watu niliwaita marafiki, wala sikuwa nasema uongo. Tulichangiana harusi, tukazikiana wazee. Kisha nikarudi kwetu Lamu, na baada ya mwezi mmoja hakuna aliyepiga. Sina kinyongo nao. Kilichotuweka pamoja ilikuwa meza, na ile meza ilipopata mtu mwingine, akairithi pamoja na marafiki zangu.

Ukisema Lamu kwamba uko mpweke utachekwa. Kutoka Langoni hadi Mkomani huwezi kupita bila kutoa salamu. Vichochoro vyenyewe ni vyembamba hata punda wawili waliobeba matofali wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma. Kila mlango una shangazi, ami, au mtu aliyesoma chuoni na babangu. Lakini kwa hao wote mimi ni mtoto wa fulani, mkwe wa fulani. Wakiniuliza hali, nawajibu hali ya ukoo mzima. Hirimu zangu nilizoogelea nazo gatini wametawanyika: yuko wa Muscat, yuko wa Doha, na waliobaki wameshajipanga bila mimi. Nimekuwa mgeni kwetu.

Tulikutana, ndiyo. Na kila tulipokutana tuliagana kwa neno lile moja: tutafutane. Sijui neno lililoua urafiki wa watu wazima pwani hii kuliko hilo. Ukimwambia mtu tutafutane, umemwambia usinitafute, nami sitakutafuta, ila tumeachana kwa wema. Nami nilisema vilevile, tena kwa tabasamu.

Kilichoniokoa ni jiwe la kukalia. Karibu na nyumba yetu pana baraza, na kila siku baina ya Magharibi na Isha hukaa watu kama kumi hivi, wengi wakubwa kwangu. Muuza kahawa huja na mdila wake na vikombe visivyo na mikono, kahawa chungu, na kashata kwa anayetaka kuupoza ule uchungu. Katikati pana bao. Jioni ya kwanza nilisimama nikatazama, nikaenda zangu. Ya tatu mmoja akasogeza kanzu yake bila kunitazama, akasema, "Ndoo uketi," yaani njoo. Basi. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani, swali ambalo wakati ule ningelikimbia.

Uzuri wa pale ni kwamba hakuna miadi. Hakuna anayemtafuta mwenziwe. Adhana ndiyo inayopanga saa. Ukija, upo. Usipokuja, hakuna aliyekusubiri kwenye mgahawa akikasirika. Nilikaa wiki mbili bila kugusa kete, maana bao la Kiswahili si mchezo wa kujaribu mbele za watu. Kete ni 64, kila mmoja 32, lakini unaanza na 10 tu ubaoni na 22 mkononi, na huo mwanzo, namua, ndipo wageni wanapoaibika. Mtazamaji naye ana kazi yake, ambayo ni kubisha. Nilibisha vizuri sana kabla ya kujua kucheza.

Kuna jambo nililigundua pale ambalo sikuwahi kulifikiri. Wanaume wa kwetu hawawezi kuzungumza uso kwa uso. Mketishe mtu mbele yako, mmiminie chai, umuulize habari za nyumbani, atakujibu alhamdulillahi, wote wazima. Lakini mpe kete mkononi. Mwenzangu mmoja, fundi wa mashua, alinieleza maradhi ya mtoto wake yote, tangu homa ya kwanza hadi walivyovuka Mokowe, ng'ambo ya bara, usiku kumkimbiza hospitali, na muda wote huo hakuinua kichwa. Alikuwa akihesabu mashimo. Alipofika pabaya zaidi alinyamaza, akatakata, yaani akagawa kete bila kula, hadi mwisho, akasema, "Haya, zamu yako." Sikuwa na la kumjibu, na bao halikunidai jibu. Nilicheza. Nilicheza vibaya, akanila nyumba yangu, lile shimo lenye kete nyingi, akacheka. Nadhani usiku ule ndio tulipokuwa marafiki, ingawa hakuna aliyelitamka hilo.

Wazee husimulia kafyu ya corona iliyoanza tarehe 27 Machi 2020. Lamu ilikwisha kuonja kafyu nyingine mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, lakini hii nayo ilikuja na ukali wake. Mwanzoni watu walitakiwa wawe majumbani saa moja ya usiku. Magharibi yetu huadhiniwa saa kumi na mbili na dakika zake, kwa hiyo saa yote ya baraza ikaliwa. Mzee mmoja aliniambia kwamba usiku wa pili alichukua simu apige, akakuta hana namba ya hata mmoja kati ya watu aliokaa nao miaka 20. Hakuwahi kuzihitaji.

Sitaki nionekane nauza baraza kama dawa. Kuna jioni tunaoza kwa umbea, na nimeona jina la mtu likichanwa pale kisha yeye mwenyewe akaja tukamkaribisha kahawa. Mwaka wa uchaguzi ni heri ubaki nyumbani. Na ni mahali pa wanaume. Mke wangu hunicheka kwa hilo. Yeye ni wa Malindi, alikuja hapa hamjui mtu, na akanipita mbio kwa kikoa. Wako wanane, kila Ijumaa alasiri nyumba ya mmoja, na mwenye zamu ndiye anayepika. Mwanzo alialikwa na jirani kwa sababu aliomba kuazima mbuzi ya kukunia nazi, akairudisha na sahani ya samaki wa kupaka. Mimi ilinichukua nusu mwaka tangu kurudi hadi nikae jiweni, yeye alimalizana na mambo kwa sahani moja.

Na mabaraza yenyewe yanapungua. UNESCO iliutia mji wetu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na nyumba nyingi za mawe zimefanyiwa ukarabati wa kupendeza. Mtaa wa pili kuna daka, baraza la mlangoni, ambalo babu yangu alikuwa akikaa kila jioni. Nyumba iliuzwa. Leo juu yake pamepangwa vyungu vya maua, vizuri kabisa, na hapana pa kuweka makalio. Sijui kama yuko anayehesabu mabaraza yaliyobaki na watu.

Mwezi wa Shaabani nilishikwa na homa, nikalala siku tatu. Ya nne akabisha hodi mtoto mdogo, chupa ya chai mkononi, ndani yake kahawa ya pale pale: "Ami, wazee wanauliza kama umesafiri." Nilikaa kitandani na ile chupa kwa muda. Kule ofisini, nikikosa siku moja, niliulizwa pia, lakini waliuliza faili liko wapi.

Sasa tuna mwenzetu mmoja, mwalimu kutoka bara. Sisi tukiingia kusali Isha yeye hubaki akililinda bao, mtoto asije akavuruga kete. Hajaonekana tangu Jumapili. Jana tulitoka msikitini tukakuta paka amelala ubaoni na kete ziko chini kwenye mchanga, na ndipo tulipotambua kwamba hakuna anayejua jina lake. Tunamwita Mwalimu tu. Muuza kahawa anadhani amepanga nyuma ya duka la vitambaa, ghorofa ya juu. Leo baada ya Isha nitapita huko.