Nyoka wa shaba kwenye pochi yangu

Niliitwa kwenye usaili wa kazi, Posta, katikati ya Dar es Salaam, saa tatu asubuhi. Nikaamka saa kumi, nikaomba, nikapiga pasi sketi yangu nyeusi, nikapanda basi la mwendokasi kutoka Kimara. Tulipokaribia Manzese nikaingiza mkono kwenye pochi nikakuta kichupa hakipo.

Kilikuwa kichupa kidogo cha mafuta ya upako. Nilikinunua elfu tano mlangoni pa kanisa nililokuwa nasali katikati ya wiki, maana Jumapili nilibaki Mlutheri wa heshima zangu. Nilikuwa nimeagizwa nijipake kwenye paji la uso na viganja kabla ya kushika mpini wa mlango wa ofisi. Moyo ukaanza kunienda mbio. Nikashuka Manzese, nikavuka barabara, nikarudi Kimara kuchukua kichupa.

Niliingia kwenye usaili nimechelewa dakika arobaini, paji la uso linang'aa. Kazi alipewa mtu aliyefika saa tatu.

Kisa hiki huwachekesha shoga zangu, nami hucheka nao. Lakini kuna jambo ndani yake halichekeshi hata kidogo. Asubuhi ile nilikuwa nimeshaomba. Nilipiga magoti, nikasema maneno yote. Kumbe nilipogundua kichupa hakipo, mwili wangu mzima ulisema Mungu amebaki nyumbani, juu ya kabati, karibu na chanuo.

Tukisikia "kuabudu sanamu" wengi wetu tunawaza kinyago, au mizimu ya babu chini ya mti. Wengine, hasa sisi wa upande wa Kiprotestanti, tunawarukia Wakatoliki mara moja kwa sababu ya sanamu ya Mama Maria. Ugomvi huo ni wa zamani na nauacha hapo ulipo. Ila ni ajabu kumnyooshea jirani kidole huku nyumbani umebandika stika ya nabii juu ya mlango, una maji ya upako kwenye friji na chumvi ya upako kwenye kona nne za chumba. Bibi yangu, aliyebatizwa mtu mzima, angeiona chumvi ile angejua inaitwaje. Hirizi ni hirizi, iwe imeshonwa kwenye kitambaa cheusi au imefungashwa na msalaba juu.

Habari ya Biblia iliyonivua nguo kabisa imo katika mstari mmoja ambao nilikuwa nikiuruka miaka yote, 2 Wafalme 18:4. Hezekia anaingia madarakani Yuda, anabomoa nguzo za ibada, anaikata Ashera, sanamu ya mungu mke. Hayo tunayatarajia kwa mfalme mwema. Kisha anavunja vipande vipande nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa.

Nyoka yule hakuwa wa Baali, mungu wa Wakanaani. Mungu mwenyewe ndiye aliyeagiza atengenezwe, kule jangwani, katika Hesabu 21, watu walipokuwa wakifa kwa kuumwa na nyoka. Kila aliyemtazama aliishi. Ulikuwa muujiza wenye ushuhuda wa taifa zima. Basi wakamtunza, na nani asingemtunza? Mamia ya miaka yakapita, na siku za Hezekia wajukuu wa wale waliopona walikuwa wakimfukizia uvumba. Hezekia akamvunja, na jina likawa Nehushtani. Katika Kiebrania jina hilo linacheza na neno la shaba na neno la nyoka. Mimi nalisikia kama dharau: kishaba tu hiki.

Napenda kuwawazia wazee wa Yerusalemu siku ile. Bila shaka walilia. Bila shaka yupo aliyesema mfalme huyu kijana hana imani, anaharibu kitu cha Musa.

Huko ndiko ninakoiona hatari ya Mkristo anayemaanisha. Shetani hahitaji kukupeleka kwa mganga. Inatosha ukishike kile ambacho Mungu alikuponya nacho jana, ukishike sana, mpaka mkono usibaki na nafasi ya kumshika Mungu mwenyewe. Hata ile ndama ya dhahabu haikuletwa kama dini mpya. Haruni aliitangaza akisema, "Kesho itakuwa sikukuu kwa BWANA." Jina lilikuwa sahihi, kilichobadilika ni kitu kilichokaa nyuma ya jina.

Mwaka 2011 nchi nzima ilikuwa njiani kuelekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni kwa kilomita nyingi, na wapo wagonjwa waliofia njiani. Sina neno baya juu ya mchungaji yule, Mungu amrehemu. Lakini nakumbuka mazungumzo yetu majumbani. Hatukuulizana Mungu anasema nini. Tuliulizana nauli.

Halafu ikaja Moshi. Tarehe 1 Februari 2020, kwenye ibada katika uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa wakikanyagana kwa sababu kila mmoja alitaka kukanyaga mafuta ya upako. Nilikuwa bado na kichupa changu. Nilisikiliza taarifa ile redioni nikiwa naosha vyombo, nikakaa chini. Sikuona watu wajinga. Niliwaona wenzangu: mtu mwenye mtoto mgonjwa na bili ya hospitali, kijana asiye na ajira mwaka wa nne, mke anayeitwa tasa na mawifi. Ukimcheka mtu wa namna hiyo hujawahi kukwama.

Ila tujiulize kwa nini mafuta yanavuta kuliko maombi. Nadhani ni kwa sababu mafuta hayaulizi. Nilikaa na kichupa kile karibu miaka miwili na hakikuniuliza hata siku moja kama nimemlipa dada wa kazi mshahara wake, au kwa nini siongei na dada yangu. Kilinifuata nilikotaka kwenda. Mungu wa kwenye Maandiko ana tabia ya kukuuliza, "Uko wapi? Yuko wapi ndugu yako?" Hukai naye kwenye pochi.

Na sanamu siku hizi inaweza kuwa mtu. Siku moja nilimsikia dada mmoja kwenye mkesha akiomba kwa machozi, "Mungu wa baba yangu wa kiroho, nitendee!" Wenzake wakaitikia amina kwa kishindo. Nami niliitikia. Najua watu watanijibu kwamba hata Elisha, mwanafunzi wa nabii Eliya, alisema, "Yuko wapi BWANA, Mungu wa Eliya?" Ni kweli. Lakini Elisha hakuning'iniza picha ya Eliya kwenye kioo cha gari, na Eliya alipoondoka, Elisha aliendelea na kazi. Jiulize baba wako wa kiroho akianguka dhambini kesho, imani yako itabaki na nini.

Msinielewe vibaya kuhusu mafuta yenyewe. Yakobo 5:14 inawaagiza wazee wa kanisa wampake mgonjwa mafuta kwa jina la Bwana, na hapo hapo inasema ni kule kuomba kwa imani kutakakomwokoa mgonjwa yule. Mchungaji wangu amenipaka, na akija kesho nikiwa naumwa nitampa paji la uso. Hata Hezekia huyu huyu mvunja nyoka, alipougua jipu akawa karibu kufa, hakukataa mkate wa tini uliowekwa juu ya jipu kwa agizo la Isaya. Akapona. Ninachokipenda ni kwamba tini zile hazisikiki tena. Hakuna aliyezikausha akaziuza hekaluni.

Na tusimfanye Hezekia naye malaika. Sura ile ile ya tini, 2 Wafalme 20, inamwonyesha akiwatembeza wajumbe wa Babeli kwenye hazina zake, fedha, dhahabu, manukato, hakuna alichowaficha. Alishinda nyoka wa shaba wa wazee wake, akaja kujikwaa kwenye stoo yake mwenyewe. Mtume Yohana alijua alichofanya alipofunga waraka wake wa kwanza ghafla namna ile: "Watoto wadogo, jilindeni nafsi zenu na sanamu." Aliwaandikia waumini, watu wa ibada.

Kipimo ninachotumia siku hizi nimekiazima kwa Shadraka, Meshaki na Abednego. Mbele ya tanuru la moto, walipokataa kuisujudia sanamu ya mfalme, walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo," bado hawataisujudia. Mimi na kichupa changu hatukuwa na "kama si hivyo". Nilikuwa na mapatano: nikipaka, nipate. Sasa kabla ya jambo kubwa najilazimisha kulisema neno hilo kwa sauti, na mara nyingi linakwama kooni. Likikwama najua nimeshikilia kitu.

Kichupa sikukitupa kwa mbwembwe, wala sikukichoma moto huku nikirekodi video. Ni mafuta ya mzeituni, na mafuta ya mzeituni ni ghali. Nilibandua stika, nikakiweka jikoni karibu na chumvi. Wiki iliyopita binti yangu alikifungua akamimina yaliyobaki yote kwenye kachumbari. Nikajikuta nimeshanyoosha mkono kumnyang'anya.