Dumuzi Hafuati Mwaka wa Fedha

Kila asubuhi ninapanda daladala Mwenge kuelekea Makumbusho, na kila asubuhi, tukishapita Bamaga, kondakta hugonga bodi ya gari mara mbili na kuuliza kwa sauti kubwa: "Sayansi wapo?" Abiria hunyamaza. "Sayansi hakuna?" Kimya. "Sayansi hakuna, dereva, twende!" Kituo hicho kina jina hilo kwa sababu ofisi za Tume ya Sayansi na Teknolojia ziko pale Kijitonyama, na kijana wa watu hana nia mbaya hata kidogo, lakini mimi ambaye ni mhadhiri mwandamizi, mwenye shahada 3 na mkopo wa benki, huinamisha kichwa na kujifanya natafuta chenji.

Taaluma yangu ni dumuzi. Wanaohifadhi mahindi nyumbani hawahitaji maelezo. Kwa wanaonunua unga wa paketi niseme tu kwamba ni mdudu wa kahawia iliyokoza, mwenye urefu wa milimita 3 hadi 4, ambaye kwao ni Mexico na Amerika ya Kati, na ambaye kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa ameshajulikana Tabora kuliko maofisa wengi. Aliingia nchini bila barua ya utambulisho, bila kibali cha utafiti na bila nakala 3 za wasifu wake, akaanza kazi siku hiyohiyo. Hutoboa punje moja baada ya nyingine, na anachoacha ni vumbi jeupe laini ambalo ukiliona kwa mbali waweza kudhani mwenye nyumba ametoka mashineni kusaga. Nimemfuatilia mdudu huyu kwa miaka 11. Nikipiga hesabu za haki, mdudu mwenyewe nimemtazama kwa darubini kama miaka 2 hivi. Iliyobaki nimekuwa nikiandika maombi ya fedha za kumtazama.

Maombi hayo huenda kwenye mfuko mmoja wa serikali ambao sitautaja jina, wala msiutafute katika kituo nilichokitaja hapo juu, kwa sababu bado nina andiko langu huko na nina watoto wanaosoma. Mfuko huo hutoa tangazo mara moja kwa mwaka, na tangazo lenyewe lina tabia ya kutoka Ijumaa jioni, likisema kwa lugha ya adabu kwamba watafiti, wahadhiri na walimu wote wenye sifa wanahamasishwa kuwasilisha maandiko yao kabla ya saa 6:00 usiku wa tarehe fulani, ambayo ukiihesabu kwenye kalenda unakuta katikati kuna sikukuu 2 na wiki ya mitihani. Uzuri wa tangazo ni kwamba halimfukuzi mtu. Kinachomfukuza mtu ni viambatisho.

Katika viambatisho hivyo, mfalme ni bangokitita. Hili ni jedwali pana linalolala ubavu kwenye karatasi, lenye safu za malengo, shughuli, viashiria, njia za uthibitisho na vihatarishi, na kanuni yake ni kwamba jambo ambalo ungelisema kwa sentensi moja ulikate vipande 5, kisha kila kipande ukipangishie chumba chake. Lengo langu lilikuwa kujua ni kihenge cha aina gani kinachomchelewesha dumuzi. Kwa siku 4 nilikaa nikitafuta njia ya uthibitisho ya neno "kumchelewesha". Katika safu ya vihatarishi niliandika "dumuzi", nikarudishiwa na mshauri wa maandiko pale chuoni, ambaye alinieleza kwa upole kwamba kihatarishi kinatakiwa kuwa jambo lililo nje ya mradi. Nikafuta, nikaandika "fedha kuchelewa". Akaniambia hilo tusiliandike, wenyewe watalisoma.

Andiko la kwanza lilirudi na maoni ya wapitiaji 2 wasiotajwa majina. Wa kwanza alisema utafiti ni mdogo mno, hauwezi kuleta mageuzi. Wa pili alisema ni mkubwa mno, hauwezi kukamilika kwa miezi 12. Walikubaliana katika jambo moja tu, kwamba mwombaji hajaonesha jinsi masuala ya jinsia yalivyozingatiwa. Nilikuwa nimechoka, tena ilikuwa usiku, ndiyo maana nilijibu kama mtaalamu badala ya kujibu kama mwombaji: nikaeleza kwa ukurasa mzima, kwa ushahidi, kwamba kwa dumuzi ni dume ndiye anayetoa harufu akishapata chakula, na kwamba harufu hiyo huwaita madume na majike bila ubaguzi, kwa hiyo mitego yetu, inayotumia harufu ya kutengenezwa inayofanana na hiyo, hukamata jinsia zote kwa haki. Kumbe walikuwa wanauliza habari za wakulima wanawake. Andiko lilipungukiwa na alama 5, nami nikapungukiwa na mwaka mzima.

Mwaka uliofuata wakulima wanawake niliwaweka ukurasa wa kwanza kabisa, nikabaki na tatizo la saini. Andiko haliwezi kutoka chuoni bila saini, saini haipatikani bila dokezo, na dokezo hupanda ngazi kutoka kwa mkuu wa idara hadi kwa amidi, kutoka kwa amidi hadi kwa rasi wa ndaki, kila mmoja akiandika pembeni "naomba idhini yako" kana kwamba mdudu ni wake. Lilipofika kwa mkubwa wa mwisho, mkubwa alikuwa Dodoma kwenye kikao, na zilikuwa zimebaki siku 2. Nikachukua fedha za ada ya Neema, nikakata tiketi ya treni ya SGR, nikapanda alfajiri nikiwa na andiko langu ndani ya bahasha ya kaki. Treni ile, wacha nitende haki, inapendeza; mtu unakunywa chai na chai haimwagiki. Tulipokaribia Morogoro tukapishana na treni inayokwenda Dar es Salaam, ikapita vuu, nami nikaisifia kwa jirani yangu wa kiti. Nilipofika Dodoma katibu muhtasi akanipokea kwa mshangao: "Pole, Daktari. Mzee si ameondoka na treni ya asubuhi?" Nimewahi kukosa saini kwa miguu, kwa bajaji na kwa simu, siku hiyo niliikosa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa.

Saini niliipata kesho yake jioni, Dar es Salaam, kwenye ngazi, mkubwa akiwa anashuka. Ukurasa ule ulipopigwa skani ukawa na megabaiti 9, wakati mfumo wa maombi haupokei zaidi ya 2. Kijana wa steshenari alihangaika nao saa nzima, na alipomaliza, saini ya mkubwa ilikuwa kama alama za mdudu aliyekanyaga wino. Niliwasilisha saa 5:52 usiku, nikalala na viatu.

Wakati wa kusubiri majibu mtu hupata nafasi ya kusoma, na nilichosoma mimi ni historia ya asilimia 1. Mwaka 1980 viongozi wa Afrika walikutana Lagos wakaweka katika mpango wao kwamba nchi zielekeze kwenye sayansi asilimia 1 ya pato la taifa. Mwaka 2007 wakakutana Addis Ababa wakahimizana upya kuhusu asilimia hiyohiyo 1. Nami nimezaliwa mwaka 1980, kwa hiyo asilimia hiyo ni rika langu. Tumekua pamoja, tofauti ni kwamba mimi nimeota mvi na yenyewe bado inaitwa lengo. Rafiki yangu anayefundisha Nairobi huwa ananitambia kwamba kwao, tangu mwaka 2013, sheria imeandika asilimia 2. Siku moja nikamuuliza hizo 2 wanazila kwa mboga gani. Akabadilisha mazungumzo, akataka kujua kama tangazo letu linaruhusu washirika kutoka nchi jirani.

Fedha nilipata. Niliomba shilingi milioni 38, nikapewa milioni 14, na barua ikanitaka nitekeleze shughuli zote kama zilivyo katika bangokitita. Chuo kikakata asilimia 10 yake ya uendeshaji kabla sijamaliza kusoma barua. Habari zilifika kwa ukoo kabla hazijafika kwa mhasibu: shangazi yangu wa Songea alinipigia simu, akanipongeza, akaniombea, kisha akaulizia mabati. Nilimweleza kwa heshima zote kwamba zile fedha si zangu, ni za dumuzi. Akanyamaza kidogo. "Sawa, baba," akasema. "Wewe wape wadudu, sisi tutanyeshewa."

Tatizo kubwa, hata hivyo, lilikuwa tarehe. Fedha ziliingia kwenye akaunti ya chuo tarehe 19 Mei, na kila mtumishi wa umma anajua kwamba mwaka wa fedha hufariki tarehe 30 Juni na kisichotumika hurudi kilikotoka. Dumuzi kwa upande wake hana habari na Juni. Mwezi huo mahindi ya wakulima wengi ndiyo kwanza yanavunwa na kuanikwa. Ukitaka kumwona mdudu akifanya kazi yake sawasawa, sharti mahindi yakae ghalani miezi 4, 5, hata 6. Nilimwandikia mhasibu dokezo nikimweleza jambo hilo kwa kirefu. Akanijibu kwa dokezo kwamba mwaka wa fedha hauwezi kusogezwa, akashauri mtafiti aangalie uwezekano wa kusogeza wadudu.

Basi nikachukua masurufu, nikaenda wilayani Kongwa, kijiji kimoja nje kidogo ya Kibaigwa, kutafuta wadudu wa msimu uliopita. Nilimkuta mzee mmoja mwenye kihenge cha mahindi ya mwaka jana yaliyotobolewa hadi yanapitisha mwanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana shamba."

Huko kila anayekuja na daftari ni bwana shamba, nami sikubisha. Nilimwambia nahitaji kununua madebe 6 ya mahindi yale.

"Haya yaliyoharibika?"

"Hayohayo, mzee, na yaliyoharibika zaidi nitashukuru."

Alinitazama kwa huruma, akamtazama mkewe, kisha akaingiza mkono kwenye kihenge, akachota, akapuliza. Vumbi likaondoka, na kiganjani zikabaki punje chache, nyepesi kama maganda ya karanga, na wadudu 4 wakitembea taratibu kwenye mistari ya mkono wake kama watu wanaokagua shamba lao. Hapo huruma ikamwisha. "Basi haya yana bei yake," akasema. "Mahindi mazima yapo kila mahali, pale Kibaigwa yamejaa malori. Mabovu kama haya, tena mwezi huu, utayapata kwa nani?" Nilibishana naye nusu saa kwa hoja zote ninazozijua, nikashindwa, nikalipa kila debe la mahindi mabovu bei iliyozidi ya debe la mahindi mazima, na yule mama akanipa makopo 2 ya vumbi kama nyongeza. Mashine ya risiti hawakuwa nayo. Mzee aliniandikia kwenye karatasi ya daftari la mjukuu wake, yenye hesabu za kugawanya upande wa pili, akaweka dole gumba.

Nimerejesha masurufu mara nyingi katika maisha yangu, lakini hoja ya ukaguzi niliyoletewa baada ya safari ile nimeibandika ukutani. Ilinitaka nieleze kwa maandishi ni kwa nini nilinunua mahindi yasiyofaa kwa matumizi, kwa bei ya juu kuliko ya soko, wakati mahindi bora yalikuwepo. Kwa nini sikukusanya nukuu 3 za bei kutoka kwa wazabuni wa mahindi mabovu. Na kwa nini makopo 2 ya vumbi hayakuingizwa kwenye leja ya stoo. Nilijibu kwa kurasa 6. Majibu yalizunguka kwenye meza za watu hadi Septemba, ndipo mkaguzi akaja mwenyewe ofisini kwangu kuhakiki vielelezo. Alipima, akapima tena, akavua miwani. Mahindi yalikuwa madebe 4.

"Mengine 2 yamekwenda wapi?"

"Yameliwa."

"Na nani?"

"Na mradi."

Aliandika jibu hilo kama lilivyo, na sijui mpaka leo ameliweka kwenye kifungu gani.

Mama Neema, ambaye anafundisha Baiolojia katika sekondari ya kata na ambaye ruzuku pekee aliyowahi kupewa ni chaki, alisikiliza mkasa huu wote akiwa anachambua mchicha. Muhula uliofuata alichukua makopo 3 ya rangi na wanafunzi wake wa kidato cha pili, wakaweka mahindi yenye majivu katika moja, yenye pilipili kavu katika jingine, na matupu katika la tatu, wakayapanga dirishani pa darasa, wakawa wanahesabu punje zilizotobolewa kila Jumatatu. Shule ilipofunga aliniletea jedwali lao. Lilikuwa limepigwa kwa rula, namba zimekaa vizuri, na halikuwa na safu ya vihatarishi. Nilimuuliza kibali cha maadili alikipata wapi. Akaniuliza kama nimekula.

Ijumaa iliyopita, saa 11 jioni, tangazo jipya limetoka. Nilifungua kabati ili nitoe faili la zamani ninakili bangokitita, nikakuta vumbi jeupe kwenye rafu. Dumuzi mmoja aliyetoroka kwenye ndoo za madebe yale ameingilia kwenye jalada, ametoboa dokezo la amidi, ametoboa idhini ya rasi, amepita katikati ya saini niliyoifuata Dodoma, na ametokea upande wa pili katika rasimu ya kwanza ya bangokitita, kwenye safu ya vihatarishi, mahali hasa nilipokuwa nimeandika jina lake kabla sijaambiwa nilifute. Fomu ya mwaka huu ina kipengele kipya kinachoitwa "matokeo ya awali". Nikaipiga picha karatasi hiyo kwa simu, nikaiambatisha. Mfumo umeikataa, kwa sababu tundu hilo lina megabaiti 3.